Visiwa vitano vya Ugiriki kwa usiku 11, na watoto wawili wadogo: jibu kwa mama anayepanga safari

Swali: "Habari za kazi. Mimi na mume wangu tunapanga likizo ya Ugiriki mwishoni mwa Julai, usiku 11 kwa jumla. Tuna binti wa miaka 5 na mvulana wa miezi 20. Tungependa kuona Mykonos, Paros, Naxos, Ios na Santorini, halafu turudi Athens kupanda ndege. Kwenye ramani visiwa vinaonekana vimepakana, na meli ni nyingi. Dada yangu anasema tutajuta. Tupange vipi, na tuache kipi?"

Salama, dada. Nimeisoma ratiba yako mara mbili na nitakujibu bila kuzunguka: dada yako hajakosea. Ila safari yenyewe msiifute. Visiwa hivi vya Cyclades ni mahali pazuri sana pa kumpeleka mtoto mdogo, mradi msihamehame. Ningekuwa mimi, ningechukua Naxos na Paros tu kwa kulala, na Antiparos ningeiweka kuwa matembezi ya siku moja kutoka Paros. Binti yako atarudi na visiwa vitatu vya kuhesabu kwa vidole, na nyinyi mtakuwa mmefunga mabegi mara tatu njiani badala ya mara sita.

Hizo mara sita hazionekani kwenye ramani. Athens hadi Mykonos, Mykonos hadi Paros, Paros hadi Naxos, Naxos hadi Ios, Ios hadi Santorini, Santorini hadi Athens. Ramani inakuonyesha maji ya katikati, basi. Siku ya kuhama ina mengi zaidi ya maji. Asubuhi mnaachia chumba, mara nyingi kabla ya saa tano au sita. Meli yenu, tuseme, ni ya saa nane mchana. Kati ya hapo hamna kitanda wala bafu, na ndio muda ambao mvulana wako amezoea kulala. Mnafika gatini mapema, mnasimama na umati juani, meli inachelewa. Ikifika inageuka na kuleta tezi, yaani nyuma yake, gatini, mlango mkubwa wa nyuma unateremshwa, na humo humo hupita wanaoshuka, wanaopanda, malori na pikipiki, kwa dakika chache tu, maana meli ina visiwa vingine vya kuwahi. Unaingia kwenye sitaha ya magari yenye kelele na moshi, unaacha mabegi kwenye rafu zilizoandikwa jina la kisiwa, kisha unapanda ngazi na mtoto mkononi. Upande wa pili mnaanza upya: usafiri, mwenye nyumba, funguo, maziwa yako wapi, na usiku ule mtoto anaamka mara tatu kwa kuwa dari si ile ya jana.

Kwa familia yenye mtoto wa chini ya miaka 3, mimi huhesabu kila kuhama kuwa siku iliyoliwa, hata kama meli yenyewe ni ya dakika 45. Ratiba yako ina usiku 11 na inakula siku sita. Ninayokupa inakula tatu, na ya katikati ni nyepesi kwa sababu Naxos na Paros zinatazamana; meli kubwa huvuka kwa muda usiofika saa moja.

Jambo la pili ni upepo, na hili watu wengi hawaambiwi. Julai na Agosti Bahari ya Aegean hupigwa na upepo wa kaskazini uitwao meltemi. Unatokana na tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya nchi za Balkan na Uturuki, ni mkavu, na huvuma chini ya anga ya buluu isiyo na wingu, kwa hiyo mgeni haoni dalili yoyote. Siku nyingi ni kiasi cha 5 au 6 kwenye kipimo cha nguvu za upepo cha Beaufort, siku nyingine hufika 7 au 8, na ukianza unaweza kuendelea siku kadhaa mfululizo. Ukizidi, mamlaka ya bandari huzuia meli kutoka. Boti nyepesi za kasi ndizo zinazozuiwa kwanza. Meli kubwa za kawaida huendelea kwa muda zaidi. Safari ikifutwa kwa hali ya hewa unarudishiwa pesa au unabadilishiwa tiketi. Lakini ndege ya kwenda nyumbani haingoji.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Miaka yangu ya mwanzo nilipangia familia moja warudi bara kwa boti ya asubuhi na kupanda ndege jioni ya siku hiyo hiyo. Upepo ukavuma, boti ikakaa bandarini, wakakosa ndege wakiwa na watoto watatu na mkoba mmoja wa nepi. Tangu hapo sipangi kisiwa na ndege ya kimataifa siku moja. Usiku wa mwisho ni Athens, na kama mnaweza kuupata wa pili, uchukueni.

Kama mna nafasi ya kusogeza tarehe, sogezeni hadi Septemba. Upepo umepungua, umati umeondoka, na bahari ni ya uvuguvugu kuliko ilivyo Juni kwa sababu imepata joto kiangazi kizima. Binti yako ana miaka 5. Siku chache za shule ya awali si hasara kubwa. Kama likizo ya mumeo haibadiliki, nendeni Julai, ila mfuate mpango ninaouandika hapa.

Kuhusu meli, chagueni kubwa na ya polepole. Najua boti ya kasi inavutia unapolinganisha saa, lakini ndani yake mtakaa vitini kama ndani ya ndege, madirisha hayafunguki, na nyingi hazina sitaha ya kutembea. Meli kubwa kutoka Piraeus, bandari ya Athens, hadi Paros huchukua kama saa nne, hadi Naxos saa tano na kitu. Ni saa za mtoto kuzungukazunguka, kula, kupanda juu kuona povu, na kulala kwenye kochi la sebule ya meli. Tena haiyumbi sana. Watoto wa chini ya miaka 5 kwa kawaida husafiri bure kwenye meli hizi na wa 5 hadi 10 hulipa nusu, lakini hata huyo wa bure lazima aandikwe na apewe tiketi yake. Usimwache nje ya orodha ukidhani mtamalizana getini.

Uliniuliza mahali pengine katika barua yako kama watachafukwa na bahari. Mvulana wako ana nafuu kuliko nyinyi nyote: watoto wa chini ya miaka 2 mara chache hupata kichefuchefu cha safari. Binti yako ndiye anayeingia umri wake, maana tatizo hili huwa kali zaidi kati ya miaka 6 na 12 hivi. Akae katikati ya meli, mbali na omo na tezi, sitaha ya chini au nje penye hewa, na macho yake yawe kwenye upeo wa bahari. Simu na vitabu vya picha viwekwe mkobani hadi bahari itulie. Ale kitu kikavu kidogo kabla. Tumbo tupu ni baya sawa na tumbo lililojaa. Dawa muulize daktari kabla hamjaondoka nyumbani, si mwenye duka la dawa bandarini. Na tafadhali sana, usimpe mdogo kile alichopewa mkubwa: promethazine, iliyomo kwenye dawa nyingi za kichefuchefu, haipewi mtoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa inaweza kumzuia kupumua vizuri.

Sasa mpangilio wenyewe. Usiku wa kwanza Athens, mpumzike na ndege. Kesho yake meli ya asubuhi kutoka Piraeus hadi Naxos, usiku 5. Kisha Paros, usiku 4. Kisha mnarudi Athens kwa usiku wa mwisho. Naxos inatangulia kwa makusudi. Iko mbali zaidi, kwa hiyo safari ndefu mnaimaliza mkiwa na nguvu, na likizo inavyoendelea mnasogea kuelekea bara. Paros ina meli nyingi kwa siku za kwenda Piraeus kiangazi, kwa hiyo ndiyo mahali pazuri pa kuwa upepo ukianza kuvuruga ratiba.

Kufika Piraeus si kazi. Tangu 2022 treni ya chini ya ardhi, njia ya 3, inatoka uwanja wa ndege hadi Piraeus bila kubadilisha, kama saa moja. Lakini bandari yenyewe ni kubwa, mageti yake yana namba na yako mbalimbali. Namba ya geti itazame jana yake, isiwe mnakimbia na kigari cha mtoto.

Naxos ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Cyclades, na hapo ndipo ningependa mkae kweli. Tafuteni nyumba ya kupanga karibu na ufuo wa Agios Georgios, unaoanza pembeni mwa mji mkuu, Chora. Maji ni ya kina kifupi kwa umbali mrefu. Mtu mzima anatembea weee na bado yako magotini. Mtatoka mlangoni kwa miguu, mtarudi kwa miguu mtoto akisinzia, hamtahitaji gari kila siku. Kuelekea kusini kuna Agios Prokopios, Agia Anna na Plaka, na basi hupita huko mara kwa mara kiangazi. Agia Anna ni nzuri kwa wadogo. Agios Prokopios inasifiwa sana, ila maji yake huingia kina mapema zaidi, kwa hiyo binti yako asiachwe peke yake hata kwenye maji ya kiunoni. Mikri Vigla waachieni wenye matanga na vishada. Huko ndiko upepo wenyewe unakotafutwa.

Nikae kidogo kwenye suala la upepo na fukwe, maana ndilo linalonitia wasiwasi kuliko jua. Siku ya meltemi wenyeji watakuelekezeni kwenye ufuo uliokingwa, ambako maji yametulia kama ya kwenye beseni. Yametulia kwa sababu upepo unatoka nchi kavu nyuma yenu na kuelekea baharini. Boya la plastiki, godoro la kuelea au bata wa kupuliza likiwa na mtoto juu yake linasukumwa nje kimyakimya, na mtu mzima anayeogelea hawezi kulishika likishapata mwendo. Siku ya upepo mnunulie ndoo na koleo. Kama lazima avae kitu majini, liwe jaketi la kuokolea linalomkaa mwilini, na bado mmoja wenu awe umbali wa mkono. Mpeane zamu kwa kutajana waziwazi: "sasa wewe". Watoto wengi huponyoka pale ambapo baba anadhani mama anatazama na mama anadhani ni baba. Namba ya dharura ni 112, nchi nzima.

Mkichoka na bahari, kodisheni gari siku moja tu. Nendeni bonde la Flerio mkaone kouros, sanamu kubwa la marumaru la kijana, lililoachwa likiwa halijakamilika zaidi ya miaka 2,500 iliyopita na bado limelala chini ya miti. Lipo jingine refu zaidi huko Apollonas, zaidi ya mita 10, lakini barabara ina kona nyingi na ni mbali. Kwa tumbo la mtoto wa miaka 5 la Flerio linatosha kabisa. Mwambie ni jitu lililolala, umwache aamue mwenyewe kama litaamka. Rudini kupitia kijiji cha Halki, mle viazi vya Naxos, vinavyosifika Ugiriki nzima. Jioni tembeeni hadi Portara, lango la marumaru la hekalu la karne ya 6 kabla ya Kristo ambalo halikumalizwa, likisimama peke yake juu ya kisiwa kidogo kilichounganishwa na mji. Njia ni fupi, ila mawimbi huirukia siku za upepo, basi mdogo awe mgongoni.

Na hapo nikukumbushe: beba mbeleko. Kigari cha mtoto kitakufaa Athens na kando ya bandari, lakini mitaa ya miji ya zamani ya visiwani ni mawe, vidaraja na ngazi. Kwenye ngazi za meli pia, mtoto aliyefungwa mwilini anakuachia mkono mmoja wa kumshika dada yake.

Gari likikodishwa, omba viti vya watoto wakati wa kuweka nafasi na uulize umri wa kila kiti kwa maandishi. Nimewahi kufikishiwa "kiti cha mtoto" ambacho kilikuwa mto wa kukalia tu, kwa mtoto wa mwaka mmoja. Dereva awe na leseni ya kimataifa ya udereva pamoja na ile ya nyumbani, isipokuwa leseni yenu ni ya mojawapo ya nchi ambazo Ugiriki inazikubali bila hiyo, mfano Uingereza au Marekani.

Paros, kaeni Naoussa au Paroikia. Ufuo wa Kolymbithres, karibu na Naoussa, una miamba ya mviringo iliyochongwa na bahari, ikigawa maji kuwa vidimbwi vidogo vidogo. Mtoto wa miaka 5 anaweza kucheza hapo asubuhi nzima asiulize lini mnaondoka. Halafu chagueni siku tulivu ya Antiparos. Kutoka Pounta, upande wa Paros, kivuko huchukua kama dakika 10, mnapanda bila tiketi ya mapema na bila begi. Kwa binti yako hicho ndicho kisiwa kipya, chenye meli, upepo na kila kitu, na jioni analala kitanda kile kile. Ufuo wa Psaralyki uko hatua chache kutoka kijijini, maji mafupi, miti ya kivuli. Pango maarufu la Antiparos lina ngazi zaidi ya 400 za kushuka, na zote ni za kupanda tena. Liacheni.

Najua utauliza kuhusu Santorini, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye picha zote. Dada, siisemi vibaya; ukingo ule wa volkeno, uliobaki baada ya mlipuko wa karibu miaka 3,600 iliyopita, hauna mfano. Ila angalia ilivyojengwa. Fira na Oia ziko juu ya jabali, vijia ni ngazi na kuta fupi, na chini ni mamia ya mita hadi baharini. Mtoto wa miezi 20 anayejifunza kukimbia hapo ni mtoto wa kushikwa mkono saa zote za mchana. Hoteli nyingi za ukingoni hazipokei watoto wadogo kabisa. Fukwe za Kamari na Perissa zina mchanga mweusi unaounguza nyayo adhuhuri, na maji yake huingia kina haraka. Ni siku nane za jasho ndani ya siku mbili. Iwekeni kwa mwaka ambao mdogo atakuwa na miaka 8, au mwende wawili tu. Mykonos kwa watoto hawa ni gharama na kelele bila sababu, na Ios nayo Julai ni ya vijana wanaolala alfajiri.

Joto msipambane nalo. Saa sita hadi saa kumi muwe ndani. Wagiriki wenyewe hupumzika mchana, maduka mengi madogo hufungwa, na kijiji hunyamaza kwa ajili ya usingizi wa mwanao. Ndiyo maana nakwambia nyumba yenye jiko, friji na chumba chenye giza ni bora kuliko hoteli yenye bwawa. Mtapika uji na ndizi asubuhi, mtakwenda ufukweni saa mbili, mtarudi kabla ya jua kali, na mtatoka tena saa kumi na moja. Usiku watoto wa Kigiriki huwa bado wanacheza uwanjani saa nne, kwa hiyo hakuna atakayewatazama vibaya mgahawani. Kofia, nguo za kuogelea za mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua yapakwe upya kila baada ya saa mbili, hata kwa ngozi nyeusi. Upepo hupoza ngozi na mtoto haoni kuwa anaungua.

Kama mnahitaji viza ya Schengen, kila mtoto anahitaji yake. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, lakini kwa Julai siku 15 ni kucheza kamari. Anzeni mara dirisha likifunguka. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na hakuna ada kwa mtoto wa chini ya miaka 6, kwa hiyo angalia binti yako atakuwa na umri gani siku mnayowasilisha. Bima ya matibabu ya safari inatakiwa iwe na kinga ya angalau euro 30,000. Mzazi mmoja akisafiri peke yake na watoto, hata sehemu tu ya njia, abebe idhini ya maandishi ya mwenzake. Nyumba wekeni nafasi kwenye zile zinazofutika bila gharama, hadi viza itoke.

Tiketi za meli zinaweza kungoja viza, isipokuwa moja mnayopaswa kuiwazia kuanzia leo: ya kutoka Paros kwenda Piraeus. Iwe meli kubwa, ya asubuhi au adhuhuri, siku moja kamili kabla ya ndege. Ukishaipata hiyo, niandikie tarehe, nikuangalizie zile mbili zilizobaki.